Chakula cha Ziada kwa Ng'ombe wa Nyama Wakati wa Kiangazi



Katika gazeti letu la muhula huu napenda kueleza jambo ambalo pengine halijaandikwa humu mara nyingi, nalo ni namna ya kumwongezea ng'ombe wa nyama chakula cha nafaka na cha protini kwa gharama ndogo. Huenda wengine watauliza, "Sisi watu wa Rufiji na Kibiti tuna habari gani na ng'ombe?" Swali hilo ni halali, maana wazee wetu hawakuwa wafugaji wa ng'ombe. Mbung'o walikuwa wengi katika mapori yetu, na utajiri wa mtu ulihesabiwa kwa mpunga, minazi, mikorosho na samaki.

Lakini mambo yamebadilika. Mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwahamisha wafugaji wengi kutoka bonde la Usangu, Mkoa wa Mbeya, ili kuyaokoa maji ya Mto Ruaha Mkuu. Wengi wao walielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani, nao wakaja na mifugo yao. Mto Ruaha Mkuu ndio unaomwaga maji yake katika Mto Rufiji, basi twaweza kusema ya kuwa ng'ombe waliyafuata maji mpaka kwetu. Leo makundi ya ng'ombe huonekana kutoka mapori ya Kibiti mpaka kando ya mto.

Kuja kwao kumeleta nyama, fedha na samadi, tena kumeleta ugomvi. Mwaka 2012 kulitokea ghasia za kusikitisha huko Ikwiriri kati ya wakulima na wafugaji. Ugomvi wa namna hii hupata nguvu kiangazi, nyasi zinapokauka na shamba la mkulima likabaki ndilo lenye majani mabichi. Ng'ombe mwenye njaa hajui mpaka wa kijiji. Kwa sababu hiyo somo hili si la mfugaji peke yake. Darasani kwetu mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji hukaa dawati moja. Mimi mwenyewe ni mtoto wa mkulima wa mpunga, na mwenzangu wa dawatini ni mtoto wa mfugaji. Kiangazi kikifika, sote wawili huogopa habari za kutoka nyumbani.

Neno ninalotaka kulisema ni hili. Mengi ambayo mkulima huyachoma moto au kuyatupa nyuma ya mashine ya kukoboa ni chakula cha ng'ombe. Lakini si kila gunia linafaa, na gunia la bei ndogo si lazima liwe ndilo rahisi. Mwenye fedha kidogo hana budi ajue kwanza ng'ombe wake amepungukiwa na nini, ndipo afungue mfuko.

I. TUMBO LA NG'OMBE

Katika Baiolojia tumefundishwa ya kuwa tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Chumba cha kwanza ndicho kikubwa kuliko vyote, nacho ni mfano wa pipa la kuchachushia. Humo wamo vijidudu wasiohesabika, wasioonekana kwa macho. Ng'ombe mwenyewe hawezi kuyeyusha nyuzi ngumu za nyasi. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu hao. Wao huzivunja nyasi, na ng'ombe hupata nguvu. Kisha vijidudu wenyewe hushuka pamoja na chakula mpaka vyumba vya mbele, humeng'enywa huko, na miili yao huwa protini ya ng'ombe. Basi mtu anayemlisha ng'ombe kwanza huwalisha vijidudu.

Vijidudu nao huhitaji protini ili waishi na kuzaana. Imeonekana ya kuwa nyasi zikiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi ya uzito wake mkavu, vijidudu hupungua. Nyasi hukaa tumboni muda mrefu bila ya kuvunjika, na kwa kuwa tumbo limejaa, ng'ombe huacha kula. Hapo hutokea jambo la ajabu: mnyama ameshiba, ilhali ana njaa.

Nyasi changa za masika huwa na protini asilimia 10 au zaidi. Nyasi zile zile zikiisha kukomaa na kukauka, mwezi wa Agosti au Septemba, huweza kushuka mpaka asilimia 4 au chini ya hapo. Mabua ya mpunga na ya mahindi nayo ni kama hivyo. Kwa hiyo mtu anayeona majani makavu mengi machungani na kudhani ya kuwa ng'ombe wake wana chakula, amehesabu wingi akasahau ubora.

II. PROTINI KWANZA, NAFAKA BAADAYE

Tuchukue mfano wa maksai wa kilo 250. Akipewa nyasi kavu tupu, tuseme anakula kilo 4 kwa siku. Katika kilo 4 zenye protini asilimia 4 mna gramu 160 tu.

Sasa mfugaji wa kwanza anamwongezea kilo 1 ya pumba za mahindi, zenye protini asilimia 10, yaani gramu 100. Jumla ni gramu 260 katika kilo 5 za chakula. Hiyo ni asilimia 5 na kidogo. Bado hatujafika 7, na vijidudu bado wana njaa.

Mfugaji wa pili anamwongezea kilo 1 ya mashudu yenye protini asilimia 30, yaani gramu 300. Vijidudu wanapata nguvu, nyasi zinavunjika upesi, tumbo linapata nafasi, na maksai sasa anakula kilo 5 za nyasi badala ya 4. Nyasi zinampa gramu 200 na mashudu gramu 300. Jumla gramu 500 katika kilo 6. Hiyo ni asilimia 8 na zaidi. Mfugaji huyu amenunua kilo moja dukani, na porini amepata kilo nyingine bila ya malipo.

Mambo huwa kinyume mtu akianza na nafaka nyingi. Vijidudu hupenda wanga wa nafaka kuliko nyuzi za nyasi. Ng'ombe akipewa nafaka nyingi, yaani zaidi ya nusu kilo kwa siku kwa kila kilo 100 za uzito wake, huanza kupunguza kula nyasi. Hapo mwenye ng'ombe ananunua kwa fedha kile ambacho pori lilikuwa likimpa bure.

Sisemi ya kuwa nafaka ni mbaya. Protini ikiisha kutosha, pumba kidogo huleta ile nguvu inayogeuka kuwa nyama na mafuta. Pumba huwa na nyuzi nyingi kuliko mahindi yenyewe, kwa hiyo hazimdhuru ng'ombe upesi. Tena mahindi ni ugali wa watu. Kumpa ng'ombe mahindi mazima mahali ambapo jirani hana unga si jambo jema, na kwa kawaida hesabu yake pia haikubali.

Kuna faida nyingine ya mashudu ambayo wengi hawaijui. Mwili wa ng'ombe huweza kuihifadhi naitrojeni ya protini kwa siku mbili tatu na kuirudisha tumboni. Kwa hiyo badala ya kutoa kilo 1 kila siku, waweza kutoa kilo 2 siku moja na kupumzika siku ya pili. Kazi inapungua, na ng'ombe dhaifu hupata sehemu yake, maana chakula kikiwa kingi wenye nguvu hawakimalizi chote mara moja. Nafaka hazifai kutolewa namna hiyo, kwa sababu nitakazoeleza mbele.

III. VYAKULA VILIVYOKO KWETU

Pumba za mahindi. Hizi hupatikana penye mashine ya kusaga na kukoboa. Protini yake ni asilimia 10 mpaka 12, na nguvu zake ni nyingi.

Pumba za mpunga. Hapa yafaa kuwa macho. Mashine nyingi za vijijini huchanganya pumba laini na maganda magumu ya mpunga. Pumba laini ni chakula kizuri, zina protini karibu asilimia 12 pamoja na mafuta. Maganda hayana faida, yamejaa madini magumu kama mchanga wa kioo. Kuzijaribu ni rahisi. Tia konzi ya pumba katika ndoo ya maji, koroga, uache kidogo. Maganda yataelea na pumba laini itazama. Ukiona nusu imeelea, ujue nusu ya fedha yako pia imeelea.

Mashudu ya alizeti na ya pamba. Alizeti hutoka zaidi Singida na Dodoma, pamba hutoka Kanda ya Ziwa. Ndiyo sababu kazi ya kunenepesha ng'ombe kwa mashudu ya pamba imestawi Shinyanga na Mwanza, kwani viwanda vya mafuta viko karibu. Protini ya mashudu haya ni kuanzia asilimia 25, na huzidi 35 maganda yakiwa yameondolewa vizuri. Kwetu sisi bei yake huongezwa na nauli ya lori.

Mashudu ya ufuta. Haya ni bora sana, yana protini karibu asilimia 40. Wilaya zetu za Kibiti na Rufiji hulima ufuta, lakini ufuta mwingi wa Tanzania husafirishwa nchi za nje ukiwa mbegu. Mbegu ikisafiri, mashudu yake husafiri nayo. Penye mashine ndogo ya kukamua mafuta kijijini, mafuta hubaki jikoni na mashudu hubaki zizini.

Mashudu ya nazi. Yana protini karibu asilimia 20. Machicha ya nyumbani nayo huliwa, lakini huchacha upesi, hivyo sharti yatolewe siku ile ile.

Majani ya mikunde. Lusina na gliricidia ni miti inayobaki na majani hata kiangazi kirefu, na majani yake yana protini zaidi ya asilimia 20. Majani ya kunde na mabaki ya mbaazi pia yanafaa. Chakula hiki hakina bei ya dukani, bei yake ni kupanda na kukata. Lusina isizidi theluthi moja ya chakula cha siku, maana ina kitu chenye sumu ambacho kikizidi huwanyonyoa wanyama manyoya.

Mabibo. Kuanzia mwezi wa Septemba au Oktoba korosho huangua, na mabibo mengi huoza chini ya mikorosho. Yakikatwa vipande na kukaushwa juani huwa chakula kitamu chenye sukari. Lakini mabibo ni chakula cha nguvu, si cha protini, basi yahesabiwe upande wa pumba, si upande wa mashudu.

Chumvi na madini. Jiwe la kulamba lina gharama ndogo, nalo lisikosekane.

Wenzetu wa delta huenda watauliza habari za mikoko. Ni kweli ya kuwa katika nchi nyingine, hasa za Ghuba, wanyama hulishwa majani ya mchu. Lakini mikoko ya Rufiji ni hifadhi, na ndiyo msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote katika Afrika ya Mashariki. Chini ya mizizi yake hukua kamba na samaki wanaotulisha. Kumlisha ng'ombe mikoko ni kumnyang'anya mvuvi ili kumpa mchungaji. Delta ina mpunga. Mchango wake na uwe mabua na pumba, vipakiwe mashuani mpaka Nyamisati.

IV. HESABU YA BEI

Mtu akienda dukani huuliza, "Gunia bei gani?" Swali lililo bora ni, "Protini bei gani?" Bei hubadilika kila mwezi, kwa hiyo nitatumia bei za mfano tu, na kila msomaji aweke za kwao.

Tuseme pumba za mahindi ni shilingi 500 kwa kilo, na protini yake ni asilimia 10. Ili upate kilo moja ya protini sharti ununue kilo 10 za pumba, yaani shilingi 5,000. Tuseme tena mashudu ni shilingi 900 kwa kilo, na protini yake ni asilimia 30. Kilo moja ya protini imo katika kilo 3 na theluthi moja, yaani shilingi 3,000. Mashudu yaliyoonekana ghali yamekuwa rahisi kwa shilingi 2,000.

Kanuni yake ni hii: gawanya bei ya kilo kwa asilimia ya protini, kisha zidisha kwa 100. Mtoto wa darasa la saba aweza kumfanyia baba yake hesabu hii mchangani kwa kijiti. Nauli ya kuleta gunia mpaka nyumbani iingizwe katika bei kabla ya kugawanya.

V. JE, FAIDA IPO?

Kumnenepesha ng'ombe si faida. Faida ni pale nyama iliyoongezeka inapozidi gharama. Kwa hiyo hapana budi kupima.

Asiye na mizani achukue utepe wa fundi cherehani. Apime mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu wa mwili kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa nyuma karibu na mkia, vyote kwa sentimeta. Azidishe mzunguko kwa mzunguko, azidishe kwa urefu, kisha agawanye kwa 10,840. Atapata uzito kwa kilo, karibu na kweli. Mfano: mzunguko 150, urefu 120. Jibu ni kilo 249. Ng'ombe asimame sawasawa, apimwe asubuhi kabla ya kunywa maji, na kipimo kirudiwe kila wiki mbili.

Sasa tuseme maksai wetu anapewa kilo 1 ya mashudu na kilo 1 ya pumba kila siku. Kwa bei zetu za mfano ni shilingi 1,400. Siku 90, kutoka katikati ya Julai mpaka katikati ya Oktoba, ni shilingi 126,000. Tuongeze 24,000 za dawa, chumvi na kazi, jumla 150,000. Akiongezeka nusu kilo kila siku atapata kilo 45. Kama kilo ya ng'ombe hai ni shilingi 5,000, hizo ni 225,000. Faida ni 75,000.

Je, akiongezeka robo kilo tu? Atapata kilo 22 na nusu, yaani shilingi 112,500. Kwa macho ya kwanza mfugaji amepoteza 37,500. Lakini hapa kuna jambo la kufikiri sana. Maksai aliyelishwa asilinganishwe na mwenyewe wa Julai. Alinganishwe na mwenzake asiyelishwa. Kama mwenzake amekonda kilo 15 katika siku zile zile, tofauti yao ni kilo 37 na nusu, yaani shilingi 187,500. Hasara imegeuka faida ya 37,500. Mfugaji asiyenunua chakula hufikiri kuwa hajatumia kitu, kumbe hulipa kwa mbavu za ng'ombe wake. Naye mnunuzi wa mnada wa Pugu, ambako ng'ombe wengi huishia, huziona mbavu hizo kabla ya kutaja bei.

Wengine watasema, "Fedha ya kununua mashudu nitaitoa wapi?" Jibu liko zizini. Mwezi wa Juni ng'ombe wamenona kwa nyasi za masika. Maksai mmoja wa kilo 250 akiuzwa wakati huo kwa bei yetu ya mfano ataleta shilingi 1,250,000. Fedha hiyo yaweza kulipia chakula cha ziada cha wenzake wanane, kila mmoja 150,000, na bado pesa zinabaki. Najua ya kuwa kwa wazee wetu wafugaji kundi kubwa ni heshima, na kila ng'ombe ana jina lake. Lakini mara nyingi fedha za sare, nauli na mahitaji ya bweni hutafutwa Januari, baada ya kiangazi, wakati ng'ombe wangali wamekonda. Ndipo wawili huuzwa kwa bei ya mmoja. Heshima hiyo hupungua yenyewe.

Wala si lazima kulisha kundi zima. Walishwe kwanza ng'ombe jike wenye mimba au wanaonyonyesha, ndama walioachishwa ziwa, na madume machanga yatakayouzwa. Kijana aliyekonda kwa njaa lakini mwenye kiunzi kikubwa huongezeka upesi kuliko wote. Ng'ombe mzee, tasa, na mwenye ugonjwa wa nagana au minyoo hatalipa. Atibiwe au auzwe mapema.

VI. HATARI ZA KUEPUKWA

Nafaka za ghafula. Ng'ombe asiyezoea akila pumba au mahindi mengi siku moja, tumbo lake huwa chungu kwa asidi, naye huweza kufa. Anza na robo kilo, uongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili. Hii ndiyo sababu nafaka hutolewa kila siku kwa kipimo, na gunia halirundikwi siku moja.

Ukungu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu. Mashudu na mahindi yaliyoota ukungu huwa na sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hii iliyokuwa katika mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Chakula kilichooza kwa watu kisifikiriwe kuwa kizuri kwa ng'ombe. Magunia yakae juu ya uchaga, mbali na ukuta na juu ya mahali pa mafuriko. Waliopatwa na mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti hawahitaji kukumbushwa. Pumba za mpunga zisihifadhiwe muda mrefu, kwani mafuta yake huharibika na kunuka.

Urea. Mbolea hii huweza kuyaboresha mabua ya mpunga. Yeyusha kilo 4 za urea katika lita 50 hivi za maji, nyunyiza sawasawa juu ya kilo 100 za mabua makavu, funika kwa plastiki hewa isipite, uache wiki tatu, kisha anika mpaka harufu kali ipungue ndipo ulishe. Lakini urea ikinywewa katika maji au kulambwa peke yake huua upesi. Ndama wadogo wasipewe kabisa. Mwenye kutaka kuijaribu amwite afisa mifugo aanze naye.

Maji. Ng'ombe anayekula chakula kikavu asipokunywa vya kutosha, chakula chote hicho ni kazi bure.

VII. MKULIMA NA MFUGAJI

Sasa nirudi katika lile nililolianza. Mkulima wa mpunga akiisha kuvuna, huyachoma mabua. Moshi hupanda, na pamoja nao hupanda chakula cha kiangazi kizima. Kilomita chache kutoka hapo mchungaji anatafuta nyasi, na usiku ng'ombe wake wanaingia katika shamba la mlau lenye mahindi mabichi. Asubuhi wote wawili wako ofisi ya kijiji.

Je, haiwezekani mabua yale yafungwe mitumba kwa kasha la mbao lisilo na kitako, na kuuzwa? Je, haiwezekani mwenye mashine ya kukoboa atenge pumba laini, auze kwa kipimo? Mfugaji naye analo la kumpa mkulima: samadi kwa mashamba yetu ya juu yenye mchanga, ambako mihogo na mikorosho huchoka upesi. Mabua peke yake hayatamnenepesha ng'ombe, tumekwisha kuona sababu. Lakini mabua pamoja na kilo moja ya mashudu ni chakula cha kutosha kumfikisha vuli bila ya kuvuka mpaka wa shamba la mtu.

Siwezi kudai ya kuwa gunia la mashudu litamaliza ugomvi wote. Yako mambo ya ardhi, ya mipaka na ya maji, ambayo ni kazi ya wakubwa wetu kuyaamua kwa haki. Lakini njaa ya ng'ombe ni sehemu ya ugomvi, na sehemu hiyo hesabu ya darasani yaweza kuipunguza. Watu wanaouziana huulizana habari kabla ya kugombana.

Basi wanafunzi wenzangu, tutakapokwenda likizo, tuchukue utepe, kalamu na hesabu hii. Mtoto wa mfugaji apime ng'ombe mmoja tu wa baba yake, kwa idhini ya baba. Mtoto wa mkulima apime mabua ya eka moja kabla hayajachomwa. Kisha turudi, tuweke karatasi zetu mbili juu ya dawati moja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mashudu ya ufuta yenye protini asilimia 40 yanauzwa shilingi 1,400 kwa kilo. Pumba zenye asilimia 12 zinauzwa shilingi 480. Kilo moja ya protini ni rahisi wapi, na kwa shilingi ngapi?

2. Ng'ombe ana mzunguko wa kifua sentimeta 140 na urefu sentimeta 115. Tafuta uzito wake.

3. Eleza kwa nini ng'ombe aweza kukonda ilhali tumbo lake limejaa nyasi.

4. Taja vyakula vitatu vya ng'ombe vinavyotupwa au kuchomwa katika kijiji chenu, na useme kila kimoja ni cha nguvu, cha protini, au ni cha kujaza tumbo tu.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV